Mwanamke wa Leso Isiyo na Jina

Usiniamini ukitaka. Nimeshazoea. Mume wangu hakuniamini, na kaka yangu wa tumbo moja mpaka leo huniangalia mikono kila nikimpakata mtoto wake. Lakini haya ninayokusimulia yalinifika mimi mwenyewe, mchana kweupe, jua likiwa utosini, katika uwa wa nyumba ya watu wanaojulikana kule Mambrui. Sikuota. Na ukisema nilikuwa mgonjwa, nitakujibu ndiyo, nilikuwa mgonjwa, tena sana, na ugonjwa wangu nitakueleza bila kuficha. Ila ningojee nimalize. Maana siku ile pale kisimani hatukuwa mimi na yule mwanamke peke yetu. Alikuwepo mtu wa tatu, na huyo alikuwa na akili zake timamu.

Mimi ni mtu wa Tezo. Kwetu ni wakulima, mahindi na mihogo na mikorosho michache. Athmani alikuwa dereva wa lori la chumvi, akipita kwetu kila mara akienda Mombasa. Alinipenda nikampenda. Nikasilimu, tukaoana, akanipeleka kwao Mambrui, katika nyumba ya mama yake, Bi Mwanamkuu.

Siku niliyoingia nilimwamkia. "Shikamoo mama," nikainama niubusu mkono wake. Alinipa ncha za vidole, kisha akavipangusa kwa leso.

"Marahaba," akasema. Halafu akamgeukia mwanawe. "Athmani, wanawake wa hapa walikwisha wote?"

Mwanzo wangu na mavyaa, mama mkwe wangu, ulikuwa huo. Nikakaa. Nikapika, nikafua, nikamezea. Nyumba ilikuwa na watu watatu Athmani akiwa safarini: mavyaa, wifi yangu Saumu ambaye alikuwa amerudi nyumbani baada ya kuachwa, na mimi. Nikipika mchuzi wa nazi, mavyaa ataonja na kumuuliza Saumu kama kule Tezo watu hula chumvi. Niliposhika mimba nilidhani mambo yatapoa. Kidogo yalipoa, sitasema uongo. Alianza kuniita "mama wa mjukuu wangu". Jina langu hakulitaja.

Uchungu ulinianza Athmani akiwa safarini. Nilisema nataka kwenda hospitali, Malindi si mbali. Mavyaa akasema katika nyumba ile wanawake huzalia ndani, yeye alizalia ndani, na mavyaa yake alizalia ndani. Akaitwa mkunga, bibi mmoja mwenye mikono mizito. Jua likachwa. Likatoka tena. Likachwa mara ya pili. Mtoto hatoki. Nilikuwa nimelala juu ya mkeka, nywele zimeloa jasho, nikimwomba Mungu wa msikitini na Mungu wa kanisani kwa pamoja, maana sikujua tena yupi ananisikia.

Unajua mavyaa alifanya nini? Alichutama karibu na kichwa changu, akaniambia polepole, kwa sauti nzuri kabisa, "Mtaje. Mtaje huyo mwanamume mtoto atoke."

"Mwanamume gani, mama?"

"Huyo uliyezini naye. Mtoto wa halali hafungi njia hivi."

Nilikuwa nakufa, naye anataka nitaje jina la mtu.

Aliyeniokoa ni woga wa mkunga. Damu ilipoanza kumwagika alisimama akasema hataki maiti mikononi mwake. Nikatiwa kwenye tuktuk, Saumu akinishika kichwa, na njia nzima mpaka Malindi nikaiona damu yangu ikichirizika miguuni mwa dereva. Nakumbuka taa za hospitali. Nakumbuka mtu akisema, "Mmemchelewesha sana huyu." Nilipozinduka nilikuwa nimepasuliwa. Walimtoa mtoto akiwa hai, wa kiume, mzima, Mungu ashukuriwe. Lakini damu ilikataa kusimama, wakanitoa na kizazi.

Daktari alimweleza mavyaa kwa upole kwamba sitazaa tena. Mavyaa alinitazama pale kitandani. "Kwa hivyo mwanangu ameoa gofu," akasema, akatoka.

Nyumbani nikawekwa ndani, kama wazazi wote wanavyowekwa. Arobaini yangu nilikaa katika chumba chenye dirisha dogo, kisu chini ya mto, ubani asubuhi na jioni. Mtoto tulimwita Salimu. Kwa mzazi mwingine wangekuja wanawake wa mtaani na uji wa pilipili manga na masihara yao. Kwangu walikuja wachache. Walikuja kumtazama mtoto, na kumtazama mwanamke aliyezaa kwa kisu. Wakitoka nilikuwa nawasikia hapo barazani. Hakuzaa, walisema. Amepasuliwa tu.

Usingizi ulinikimbia. Sisemi nililala kidogo, nasema sikulala. Mtoto akilala, mimi namsikia akilia. Nikienda kumtazama, amelala kimya. Nikirudi kitandani, namsikia tena. Ukutani nilikuwa naona ile damu ya tuktuk ikiteremka, nami najua kabisa si damu, ni rangi ya ukuta, lakini inateremka. Maziwa yakakauka. Salimu akawa anapewa ya kopo na Saumu, na kila Saumu alipomlisha alihakikisha nimeona.

Halafu siku moja nilimwangalia yule mtoto, nikamwona mgeni. Macho si yake. Masikio si yake. Ningefanyaje? Nilimwambia Saumu, kwa sababu sikuwa na mwingine.

"Saumu, huyu si yule niliyempata hospitali."

"Wa nani, basi?"

"Sijui. Wamembadilisha."

Alicheka. Kisha aliona sichekeshi, akatoka mbio. Kabla ya magharibi Mambrui nzima ilijua kwamba mke wa Athmani amemkana mwanawe. Mavyaa alikuja akamchukua mtoto mikononi mwangu. Mimi nikahamishwa nikapelekwa chumba cha uani, kinachowekwa nazi na mikeka mibovu, mlango wake una komeo kwa nje.

Athmani aliporudi safari aliniangalia kupitia mlangoni. Sikumlaumu wakati ule. Nilikuwa nanuka, nywele sijachana, midomo imekauka. Alimuuliza mama yake, "Ana nini?"

"Ana pepo la kwao," akasema mavyaa. "Amekuja nalo."

Wakamleta fundi wa kupunga kutoka upande wa Magarini. Alipiga ngoma, akachoma vitu vyenye moshi wa kuwasha, akanifunika blanketi juu ya chetezo mpaka nikatapika. Kidonda changu cha tumbo kilikuwa hakijapona sawasawa. "Wewe nani?" akaniuliza. Nikataja jina langu. Akanizaba kofi. "Nasema na pepo, sisemi na wewe!" Basi nikanyamaza, naye akasema pepo ni bubu, ndio wabaya zaidi, kazi yake itakuwa ndefu. Athmani akaondoka na lori lake. Nikarudishwa chumbani, komeo likafungwa.

Sasa sikiliza.

Ilikuwa siku ya Ijumaa. Mtaa wa pili palikuwa na msiba, mavyaa amekwenda huko na wanawake wenzake. Wanaume wote wako msikitini. Saumu ameachwa na mtoto. Nyumba ilikuwa kimya, unajua kimya kile cha adhuhuri, hata majani ya minazi hayagusani. Nilikuwa nimekaa chini, mgongo ukutani. Nikasikia komeo likivutwa, polepole, kama anavyolivuta mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa.

Akaingia mwanamke.

Sikumjua. Mtu mzima, si kijana, si mzee. Amejifunga leso moja na nyingine amejitanda, zote mpya, bado ngumu kwa wanga. Nilimtazama miguu kwanza, kama nilivyofundishwa tangu utoto. Ilikuwa miguu ya binadamu, visigino vimepasuka kama vyangu. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, ni mtu, labda jirani. Halafu nikaangalia leso. Wewe unazijua leso. Kila leso ina jina lake, yale maneno yaliyopigwa chini ya mchoro. Yake ilikuwa na mchoro, ilikuwa na ule mstari wa kuandikia jina, na juu ya mstari palikuwa patupu. Zote mbili. Na joto lile la mchana, mimi natiririka, yeye usoni hana hata tone la jasho.

Akachutama mbele yangu. Akaniambia, "Hujalala, mwanangu. Tangu uzae hujalala."

Niamini, nililia. Tangu nijifungue hakuna kiumbe aliyekuwa ameniuliza hali yangu. Kina mama wa mtaa hawakuniuliza. Mume hakuniuliza. Huyu alikuja akakitaja kile kile kilichokuwa kinaniua, kwa maneno machache, kwa sauti ya mama. Ungekuwa wewe ungemfukuza?

"Wanasema nimemkana mwanangu," nikamwambia.

"Hukumkana. Umemjua kuwa si wako. Mchukue twende nikuonyeshe wako alipo."

Akanishika mkono. Mkono wake haukuwa baridi wala moto. Ulikuwa kama kushika mkono wangu mwenyewe. Tukaingia ndani. Saumu amelala kwenye mkeka, simu kifuani, mtoto pembeni yake. Nilimwinua Salimu, naye hakulia. Saumu hakugeuka. Tukatokea mlango wa nyuma, tukapita katikati ya kuku waliokuwa wakidonoa. Kuku walinipisha mimi. Yeye hawakumpisha, walibaki wamesimama vile vile, shingo zimeinuka, mpaka alipopita.

Nyuma ya nyumba ile kuna kisima cha zamani, cha mawe, ukingo wake ni wa magotini tu. Maji ya mfereji yakikatika, watu wa nyumba ile huteka hapo. Yule mwanamke akasimama upande mmoja wa ukingo, mimi nikasimama upande wa pili.

"Sikiliza," akasema.

Nikasikia mtoto analia kisimani.

Si mwangwi. Najua mwangwi ulivyo. Salimu alikuwa mikononi mwangu, kimya, macho yamefunguka, ananitazama. Na kule chini, ndani ya giza, mtoto mchanga analia kile kilio cha njaa. Na mwili wangu ukaitika. Matiti yaliyokuwa yamekauka siku zote zile yakauma ghafla, maziwa yakatoka, yakalowesha gauni mpaka kiunoni. Nikuulize wewe uliyewahi kunyonyesha: mwili wako ukikuambia mwanao ni yule, utabishana nao?

"Huyo nirudishie," yule mwanamke akasema, akinyoosha mikono juu ya mdomo wa kisima. "Uchukue wako."

Nami nikanyoosha mikono. Sitakudanganya. Nilimwinua Salimu kutoka kifuani, nikamtoa nje ya ukingo. Alikuwa juu ya maji, kati ya mikono yangu na ya yule mwanamke, na ile mikono yake ilikuwa imebaki kidogo tu imfikie.

"Wewe!"

Sauti ilitoka mlango wa nyuma. Ni mavyaa. Alikuwa amerudi kutoka msibani, sijui alisahau nini. Buibui limemteleza begani. Mimi hakunitazama kabisa, na nataka uliweke hilo akilini. Alikuwa anatazama ng'ambo ya kisima.

"Bado unatafuta?" akapiga kelele, sauti imepasuka. "Bado? Si nilishakupa! Nilikupa wangu! Unataka nini tena kwangu?"

Yule mwanamke akageuza uso kwake. Akamtazama kama mtu anavyomtazama rafiki wa zamani aliyepoteana naye.

"Umezeeka, Mwanamkuu," akasema.

Nikashtuka nikamvuta Salimu kifuani. Naapa nilitazama chini kwa kufumba na kufumbua tu, nimtazame mtoto. Nilipoinua macho ng'ambo ya kisima hapakuwa na mtu. Kile kilio cha chini kilikuwa kimekatika, na Salimu ndiye aliyekuwa analia.

Mavyaa alinifikia akampokonya mtoto. Tulitazamana. Nikamwambia, "Mama, umemwona."

Alikuwa anapumua kama mtu aliyekimbia toka Malindi. Kwa muda ule mdogo, wallahi, nilidhani atanikumbatia. Lakini majirani walikuwa wamesikia kelele, wanaingia uani, na Saumu anatokea mlangoni na macho ya usingizi. Nikaiona sura ya mavyaa ikifungwa kama dirisha.

"Mwenda wazimu huyu!" akapaza sauti. "Nimemkuta anamtumbukiza mwanangu kisimani! Peke yake, na mikono yake miwili!"

Yaliyofuata ni mafupi. Saumu alinipiga kwa ufagio mpaka majirani wakamzuia. Nilifungwa kwa leso kwenye miguu ya kitanda. Kila mtu aliyeingia nilimwambia palikuwa na mwanamke, mavyaa amemwona, mavyaa amesema naye. Kila nilivyosema ndivyo walivyozidi kutikisa vichwa. Mavyaa alikaa pale pale barazani, tasbihi mkononi, akisema, "Mnamsikia?"

Talaka nilipewa kwa simu. Saumu aliniwekea sikioni kwa sababu mikono yangu ilikuwa imefungwa. Athmani alikuwa njiani, nasikia injini ya lori. Alisema nimekuacha, akakata.

Mama yangu alikuja kunichukua. Alimwamkia mavyaa kwa adabu zote, akaomba mtoto. "Mtoto ni wa kwetu," mavyaa akasema. "Chukua mzigo wako." Mama akanifungua zile leso mwenyewe, akanishika kwapani, tukaondoka. Tukasafiri hadi Kilifi. Hakunipeleka nyumbani, alinipeleka moja kwa moja hospitali.

Sasa hapa nisikie vizuri, maana kuna watu wakisikia kisa hiki husema, basi, dawa za hospitali hazina kazi, ni mambo ya majini. Mjinga ndiye asemaye hivyo. Pale hospitali muuguzi mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, aliniuliza lile lile alilolitaja yule mwanamke: unalala? Nikamweleza yote. Aliniambia ugonjwa huu una jina, huwapata wazazi, hasa walioteswa na uzazi, huwaletea sauti na sura na huwafanya wamwone mtoto kama mgeni, na kwamba unatibika. Nililazwa. Nilimeza dawa. Siku niliyolala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza, niliamka nikakumbuka uso wa Salimu, nikajua kabisa, bila shaka yoyote, kuwa ni mwanangu. Nililia wodi nzima ikaamka.

"Na yule mwanamke ni ugonjwa?" nikamuuliza muuguzi.

"Ni ugonjwa."

"Mavyaa yangu alisema naye. Yeye hakuwa ametoka kuzaa siku hiyo."

Akasema ninywe maji, niendelee na dawa. Nikaendelea nazo. Nilipona. Lakini sijapata jibu la swali lile.

Kupona kwangu hakukuwaondolea watu woga. Kaka yangu alitenga sahani yangu na kikombe changu, kana kwamba wazimu ni kifua kikuu. Mkewe aliwaita watoto ndani nikipita. Watu wa kanisani kwa mama walisema ni adhabu ya kubadili dini, na mama yangu, mama yangu mpole yule, aliwafukuza wawili kutoka uani kwa jembe. Kila mwezi nilituma watu Mambrui kuomba nimwone mwanangu, na kila mwezi jibu lilikuwa moja. Mwenda wazimu hana mtoto.

Kisha siku moja Saumu akanipigia simu. Alikuwa ananong'ona.

"Yule mwanamke uliyesema. Alivaa nini?"

Nikamwambia. Leso mpya, ngumu, zisizo na jina.

"Kwa nini unaniuliza?"

"Salimu ameanza kutambaa," akasema. "Kila adhuhuri anaelekea mlango wa nyuma. Ukimrudisha anakwenda tena. Anakaa pale mlangoni, anacheka na mtu, ananyoosha mikono abebwe. Jana nimeona..." Akaacha.

"Umeona nini?"

"Kuku," akasema. "Walikuwa wamesimama."

Ndipo akanieleza lile ambalo nyumba ile haisemi. Kabla ya Athmani, Bi Mwanamkuu alizaa mtoto wa kwanza, wa kike. Aliteseka sana kumzaa, na baadaye hakuwa akilala, akawa anazungumza peke yake, na wakwe zake wakamfungia. Mtoto alikufa kisimani. Watu waliambiwa mama alikuwa anateka maji, mtoto akamponyoka. Saumu alisikia kwa shangazi yake, ambaye siku ile alimkuta Bi Mwanamkuu amekaa ukingoni, anabembeleza leso tupu. Kwao mtoto yule hatajwi hata jina.

Sasa fikiria. Alikuwa anajua. Aliponiona silali, alijua. Nilipomwona mtoto kama mgeni, alijua, kwa sababu yeye aliyapitia yote hayo. Na badala ya kuniketisha akaniambia, mwanangu, hata mimi ilinifika, alinifungia mlango ule ule aliofungiwa yeye. Kuna watu huniambia nimhurumie. Wamhurumie wao.

Haukupita muda, alasiri moja nilikuwa napepeta mahindi, bodaboda ikasimama. Akashuka mavyaa, amembeba Salimu. Amepungua, macho yameingia ndani kama ya mtu asiyelala. Nilisimama na ungo mkononi, siwezi hata kusema shikamoo. Mama alimletea kiti. Hakukaa. Aliletewa maji. Hakunywa. Alikuwa anaangaza uani kwetu, nyuma ya nyumba, kwenye mihogo.

"Hapa mna kisima?" akauliza.

"Hatuna," mama akasema. "Tunateka bombani, kule barabarani."

"Hamjawahi kuwa nacho?"

"Hatujawahi."

Ndipo akanijia. Akamweka Salimu mikononi mwangu. Mtoto alinitazama, akashika kola ya gauni langu, akaing'ang'ania.

"Mama," nikamwambia, "wewe ulimwona. Sema mara moja tu mbele ya mama yangu. Sema ulimwona."

Midomo yake ilicheza. Nilidhani neno linakuja. Kisha akajitanda buibui vizuri, akatazama kando.

"Wewe ulikuwa mgonjwa," akasema. "Mimi sikuona kitu."

Akapanda bodaboda akaenda zake. Wiki haikuisha, nikasikia anawaambia watu wa Mambrui kwamba mwenda wazimu wa Tezo amemwiba mjukuu wake.

Salimu sasa anasoma, anakimbia, ana kelele kuliko watoto wote wa mtaa. Dawa niliacha kwa idhini ya daktari. Lakini adhuhuri sijapata kukaa peke yangu ndani ya nyumba, mpaka leo. Jua likifika kati natoka, nakaa barabarani na wauza mihogo ya kukaanga, mtoto wangu mbele yangu, mpaka kivuli kirefuke. Wananicheka. Wacheke.

Athmani ameoa tena. Binti wa hapo hapo Mambrui, mdogo, mzuri, na nasikia tumbo lake limeshuka, anakaribia kujifungua. Anaishi nyumba ile ile, na kisima hakijafunikwa, eti maji ya mfereji hayaaminiki. Niliitafuta namba yake, nikampigia. Nilimwambia, dada, nenda ukazalie hospitali, na baada ya kuzaa usikubali kulala peke yako, na usingizi ukikuruka hata siku mbili tatu, usimwambie mtu wa nyumba ile, nenda kwenu, nenda kliniki, nenda popote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu nikamsikia akimwambia mtu pembeni yake, "Ni yule kichaa." Akakata. Sasa simu yangu haiingii kwake.

Basi nakuambia wewe. Ukiwa una binti, au mke wa mwanao, au dada, amezaa kwa tabu na sasa hasemi, halali, anamtazama mwanawe kama mtu asiyemjua, usimuulize amezini na nani. Usimwite fundi. Usimfungie. Keti naye, mwambie lala mimi nitamshika mtoto, na asubuhi mpeleke hospitali. Kaa naye hasa mchana, watu wakienda zao. Maana akibaki peke yake, yupo atakayekuja kumuuliza kwa upole kama amelala, naye atamfuata. Mimi nilimfuata.